Nilivyotaka kuacha kozi ya uashi Muscat kwa sababu ya sinia la wali

Wakuu, salaam. Hili limenipata mwenyewe, chumvi sijatia.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Shule niliishia form two, nikawa saidia fundi Mwanza, Dar, Mombasa, na sasa niko Oman. Kinachonisukuma ni udadisi. Nikiona ukuta nataka kujua kwa nini hauanguki.

Basi nikajiunga na kozi ya uashi, chuo kimoja kidogo huku Sib, pembeni ya Muscat. Darasani ni Waomani, Wahindi na Wapakistani. Mbongo peke yangu.

Mwanzo walinichangamkia. Baadaye wakapoa.

Kwenye practical tunajenga wawili wawili, mmoja anapanga tofali, mwenzake anashika pima maji. Mimi nikawa nabaki bila mwenza, na bila mwenza hufanyi mtihani wa mwisho.

Nikajisemea, ni rangi tu hii. Nikaanza kuulizia kazi Salalah, kusini kabisa mwa Oman.

Siku moja kabla ya chakula cha mchana, tunanawa saruji mikononi, akanifuata Khalfan. Huyu ni Mwomani, ila bibi yake kazaliwa Unguja, Kiswahili anacho.

"Weye, tumekukosea nini sisi?"

"Kivipi?"

"Kila mchana tunakwita kwenye sinia, hutaki. Wenzio washasema unatuona wachafu."

Nilikolelewa, ukikaribishwa chakula unajibu asante, nimeshiba, hata kama tumbo linanguruma. Walivyozidi kunisihi ndivyo nilivyozidi kukataa, nikijiona nina heshima zangu. Kumbe kila siku walikuwa wananiachia nafasi, nami naikataa.

Nikamweleza. Alicheka mpaka akachuchumaa.

"Yaani unakufa na njaa kwa adabu? Njoo ule, bwana!"

Akawatafsiria wengine kwa Kiarabu. Mpakistani mmoja akanipiga kofi la mgongo, akasogea nipate nafasi kwenye sinia. Nikakaa, nikatia mkono kwenye wali.

Mtihani nilifanya na Khalfan. Ukuta ukapinda. Mwalimu akasema tuubomoe, turudie.

"Ustadh, huyu alikuwa anawaza sinia," Khalfan akanisingizia.

Darasa zima likacheka, na mimi nikiwemo. Tukaanza kubomoa, na wawili wakaja kutusaidia bila kuitwa.

Salalah sikwenda.

Sisemi ubaguzi haupo, kwingine nimeuonja. Ila safari hii mlango ulikuwa wazi, aliyesimama nje kwa hiari yake ni mimi.

Mlio ugenini, adabu ya nyumbani iliwahi kuwaponza wapi? Nawasoma.