Pale Kwenye Alama ya Kujumlisha

Mtu akiniambia kompyuta haidanganyi, mpaka leo nafura.

Mama yangu alibeba kahawa mgongoni. Majirani wenye punda walipeleka mzigo wote mara moja. Yeye alishuka fakitori, kiwanda cha ushirika cha kupokea kahawa, asubuhi na gunia moja, akapanda mlima, akarudi mchana na la pili. Karani wa mizani, ili asiandike risiti mbili, alimwandikia hivi: 30+25, kilo za asubuhi na za mchana. Pale kwetu Kianjokoma kila mtu alijua maana yake.

Halafu katikati ya miaka ya tisini ushirika wetu ukanunua kompyuta. Mtaalamu akaletwa kutoka Nairobi, akaandika programu kwa lugha ya C. Mimi nilikuwa nimetoka chuo juzijuzi, nikaajiriwa kuingiza risiti. "Andika kama ilivyo," mtaalamu aliniagiza. Nikaandika kama ilivyo.

Msimu ulipokwisha, mama akasimamishwa mbele ya mkutano wa wanachama. Mwenyekiti akasema kilo zake zimeshuka karibu nusu, ilhali miti yake imezaa kama ya wenzake. Hiyo nusu nyingine imeenda wapi, kama si kuuzwa kwa magendo nje ya ushirika? Watu wakaguna. Mama yangu, ambaye hata ndizi ya mtu hajawahi kuokota, akaitwa mwizi mchana kweupe, akafukuzwa uanachama.

Kesho yake nikafungua programu. Maandishi yalikuwa yakigeuzwa namba kwa amri inayoitwa atoi. Hiyo husoma tarakimu tu. Ikikuta kitu isichokijua, inaacha hapo na kukupa ilichokwisha kusoma. Ukiipa upuuzi mtupu inakupa sifuri, na haikuambii lolote. Basi ilisoma 30, ikakuta alama ya kujumlisha, ikanyamaza. Gunia la mchana la mama yangu halikuhesabiwa hata siku moja. Na dawa ilikuwepo! Kuna amri nyingine, strtol, ambayo hukuonyesha imeishia wapi, ukague kama kuna kilichobaki.

Nikampigia mtaalamu simu.

"Aa, hiyo naijua," akasema. "Lakini kukagua kunaongeza kazi, na nyinyi mlikuwa na haraka. Kwani programu imewahi kukwama?"

Alijua! Shenzi kabisa. Ingekwama siku ya kwanza tungeuliza kuna nini, na mama asingeguswa.

Nilimwonyesha mwenyekiti risiti na programu. Akajikuna kichwa. "Haya, mwambie mama arudi tu. Yameisha."

Nikamkuta mama akipukuchua maharagwe uani, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo wameyasema mkutanoni?"

"Hapana, mama. Ofisini."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

"Basi mimi bado ni mwizi," akasema, akaendelea na maharagwe yake.

Msimu uliofuata kahawa yake iliiva nyekundu shamba zima. Akatukataza kuichuma hata punje moja.