Mpangaji wa Nyumba Yake Mwenyewe

Theopista hakuwa mtu wa kupangishwa. Nyumba yake ya Ilembo, mjini Mpanda, aliisimamisha yeye na marehemu mumewe, mfanyakazi wa reli. Udongo waliukanyaga kwa miguu yao, matofali wakayachoma uani, na bati la mwisho lilipopigwa msumari alipiga vigelegele peke yake mpaka majirani wakatoka kuuliza nani kaolewa.

Kwa hiyo mwaka ule wa tisini na sita, gari la matangazo lilipopita likisema kila mwenye jengo mjini atalipa kodi ya nyumba, alitoka na mwiko mkononi. Kwenye mkutano wa mtaa wa kuielezea kodi hiyo, hakungoja kuitwa. Alimkabili ofisa mapato, kijana aitwaye Maximilian, mwenye shati lililopigwa pasi likakauka kama bati.

"Kodi? Nani kanipangisha?"

Watu wakaangua kicheko. Jirani yake Gaudiose, mzaliwa wa milimani kule Mwese, akamvuta Theopista kitenge. "Kaa, Mama Anicet, watakuandikia na kodi ya mdomo."

"Siyo kodi ya pango, mama," Maximilian akasema. "Hii ni ya jengo. Inarudi kwenu hapa hapa. Barabara inyanyuliwe, mtaro uchimbwe, soko liezekwe."

"Mtaro mpaka wapi?"

"Mpaka mtoni."

Hilo la mtoni akalishika. Akauza mpunga aliopelekewa na kaka yake kutoka Mamba, akalipa mapema, kichwa juu.

Barabara ikanyanyuliwa kweli. Mtaro nao ukachimbwa, ukaja vizuri nyumba kwa nyumba mpaka getini kwa bwana mkubwa mmoja. Hapo ukafa. Nyumba iliyofuata, bondeni kidogo, ni ya Theopista. Zamani mvua ilitapakaa, kila mtu akapata maji yake. Sasa yalikusanywa yote, yakaletwa ukutani kwake, na ile barabara mpya imekaa kama tuta, hayawezi kuvuka kwenda mtoni. Yaani alilipa aletewe mafuriko mlangoni!

Alikwenda ofisini. Fungu limekwisha, mama. Akarudi. Mhandisi kasafiri Sumbawanga. Akarudi tena, na safari hiyo Maximilian hakuinua hata uso.

"Vumilia, mama. Maendeleo yana gharama."

Neno hilo likamchoma. Gharama ya nani? Bwana mkubwa analala pakavu. Kwake yeye, chumba alichofia mumewe kilikuwa kimelowa hadi kiunoni, na udongo ulioshika matofali umelainika kama uji.

Akasimama katikati ya mlango, akapaza sauti kama yuko sokoni. "Sawa, baba mwenye nyumba! Mpangaji wako nimekuja. Nyumba inapasuka, njoo utengeneze."

"Mama, nilishakueleza, siyo kodi ya pango."

"Kama siyo ya pango, nyumba ni yangu, mbona mnaimwagia maji? Na kama ni ya pango, tengeneza! Chagua moja."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na lile jina likatoka nao. Tangu siku hiyo Maximilian akipita sokoni, wauza dagaa wanamwamkia. "Shikamoo, baba mwenye nyumba! Kwangu panavuja!" Alicheka nao mwanzoni. Baadaye akawa anazunguka njia ya nyuma.

Mtaro haukusogea. Asubuhi moja Theopista yuko jikoni, ukuta ukalala chini.

Hakulia. Alichukua jembe, Gaudiose akaja na sururu, wakaikata ile barabara kukingama, ukingo hadi ukingo. Maji yakavuka mbio kwenda mtoni kama yaliyofunguliwa zizini.

Maximilian alifika anahema, shati limejaa tope, maana alitoka kulisukuma gari la bwana mkubwa, lililokuwa limeshatumbukiza pua mle.

"Nyie mna wazimu? Hii ni mali ya serikali!"

Theopista akaegemea jembe. "Uliza popote Mpanda hii. Mwenye nyumba akikataa kutengeneza, mpangaji anatengeneza mwenyewe, gharama anakata kwenye kodi. Mwakani msije kwangu."

"Nitakupeleka mahakamani."

"Nipeleke. Hakimu naye kapanga, atanielewa."

Hakupelekwa. Kesho yake lori likaleta makalavati. Lile fungu lililokwisha likapatikana, mafundi wakapatikana, hata mhandisi akarudi kutoka safarini. Maji yakapita chini ya barabara, na gari la bwana mkubwa likapita juu.

"Tumewashinda, Mama Anicet!" Gaudiose alicheza palepale kwenye tope.

Theopista hakucheza. Ukuta wake uliomba msimu mzima, hawakusikia. Gari la mtu lilikwama siku moja, ofisi nzima ikaota masikio. Kumbe waliweza tangu mwanzo!

Maximilian alipita kando, akasema kwa sauti ndogo, "Pole, mama."

Theopista alikuwa amekunja kitenge hadi magotini, anakanyaga udongo wa kuusimamisha ukuta upya, safari hii kwa miguu yake miwili tu.