Mlima Ulikushinda Wapi

Iko Jumapili moja ya baridi ambayo hainitoki, mwanangu, na tangu ujumbe wako wa juzi ulipoingia, imekuja ikaketi nami hapa jikoni Spånga. Umeniandikia kwa Kiswidi, kama kawaida yenu watoto wa huku: moster, ndivyo mnavyomwita dada wa mama, katika milima yote ya nchi hii, ni upi mgumu kuliko yote kwa mtu anayejua ski? Mimi nakujibu kwa Kiswahili. Utaelewa. Ukitaka pilau Kiswahili chako huwa fasaha kabisa.

Najua kwa nini unauliza. Likizo ya Februari unakwenda kaskazini na wenzako, na wote wanakutegemea wewe uwaongoze kwa kuwa ndiwe hodari wao. Mama yako ameshanipigia simu. Dada yangu Njeri si mtu wa maneno mengi. Alisema neno moja tu, "Mkataze," akakata. Basi mmeniweka katikati. Nikikukataza utaenda kwa siri, maana nakujua ulivyo. Nikikuruhusu na likatokea la kutokea, sitaweza tena kumtazama mama yako usoni. Kwa hiyo nitafanya wafanyavyo wazee wakibanwa: nitakusimulia.

Wakati huo sikuwa nimefika miaka thelathini. Nilikuwa nimemaliza masomo, nimepata kazi ya uhandisi, na ski, huku kuteleza thelujini kwa mbao mbili miguuni, ilikuwa imenishika kama mpira unavyowashika wajomba zako. Nilijifunzia kwenye kilima cha Hammarby, kile kilichorundikwa na mikono ya watu, ambacho ukiwa juu yake unaliona jiji lote, na kabla hujamaliza kulitazama umeshafika chini. Kisha nikaenda milima ya Sälen, kisha Åre. Msichana wa Nyahururu, aliyeijua barafu ya friji ya dukani tu, sasa alikuwa anateremka miteremko yenye alama nyeusi bila kupumzika katikati. Watu walinisifu, nami nikasifika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na langu mimi lilikuwa limeshakuwa maji matupu.

Mama yako alikuwa amenifuata huku kusoma. Nilimfundisha ski mimi mwenyewe, na alijifunza haraka, kwa mtindo safi kuliko wangu, ingawa sikumwambia. Kosa lake lilikuwa moja tu: aliniamini mno.

Jumapili hiyo, baada ya ibada ya Kiswahili, tulibaki ukumbini kupanga safari ya pamoja. Chai ilikuwepo, na mandazi, ambayo Wakongomani waliita beignet na Wakenya wakaudhika bure. Mjadala ulikuwa: twende mlima gani? Sisi Wakenya tulitaka Åre. Wakongomani walitaka kaskazini kabisa, Riksgränsen, pale mpakani na Norway. Watanzania wawili waliokuwepo walikuwa wanakula tu. Kila mtu alipima milima kwa alama za rangi, kijani kwa wanaoanza, bluu, nyekundu, mpaka nyeusi kwa waliobobea. Mmoja alisema mlima wake una nyeusi nyingi. Mwingine akasema nyeusi za kwake ndizo ndefu. Ungedhani wanagombea kura.

Pembeni alikuwa ameketi Mama Furaha, mkunga kutoka Bukavu, aliyekuwa akiishi Hagsätra. Alipoingia nchi hii kama mkimbizi alipelekwa kijiji kimoja cha kaskazini, na huko, badala ya kulia kila siku (mwenyewe alisema alilia siku nyingine tu), alijifunza ski kwa majirani zake. Hakuna aliyemfikia katika jumuiya yetu yote. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, na akiwa juu ya ski ungesema mwili ule hauna uzito. Nilimwonea wivu, sitaficha.

Alisikiliza wote, kisha akamwuliza bwana mmoja aliyekuwa akiisifu Åre: "Nasikia, papa. Lakini ile mulima ilikushinda wapi?"

Yule bwana akacheka kwa aibu, akaeleza siku upepo ulipovuma kileleni hata lifti, vile viti vya kupandisha watu mlimani, zikafungwa, akateremka akiwa ameinama kama anayetafuta sindano. Mama Furaha akainamisha kichwa kwa heshima. Akamwuliza mwingine, naye akaeleza lake. Ikafika zamu yangu.

"Mimi, mama, hakuna mlima ulionishinda," nikasema. Wakenya wenzangu wakanipigia makofi.

Yeye hakucheka. Alinitazama kwa upole, upole ambao uliniuma kuliko tusi. "Basi, dada, kama haiyakushinda, hauyaijua bado." Akachukua andazi lingine.

Nilikasirika. Ndani ya treni ya kurudi nyumbani nilimmalizia mama yako masikio. Huyu mkunga anifundishe mimi milima? Njeri alitazama dirishani tu. Mwishowe kaskazini ikashinda kura, na mimi nikaahidi moyoni kwamba huko ndiko nitakakomnyamazisha.

Sasa nikusifie mlima ule wa Riksgränsen, kwa sababu unastahili, na sijapata kuona mahali pazuri kama pale. Treni inakushusha mlangoni pake. Mti hakuna hata mmoja juu huko. Ni milima mitupu, myeupe, imepangana mpaka Norway, na jua la mwisho wa baridi linaiangukia hadi unatamani kunong'ona. Siku ya kwanza nilizunguka kila mteremko uliowekewa alama. Miteremko hiyo, ukiilinganisha na ya Åre, ilikuwa mifupi, na nikasema kwa sauti, Mama Furaha akisikia, "Ndio huu?" Yeye alikuwa akifunga buti zake.

Kesho yake tulipanda sisi watatu, yeye, mimi na mama yako. Nikiwa kwenye lifti nilikuwa nimeona bonde zuri upande wa kushoto wa mgongo wa mlima, theluji haijaguswa, na nilimwambia Njeri kwamba hilo ni letu. Tulipofika juu na kuanza kusogea, wingu likatukalia.

Usidhani ni giza, mwanangu. Giza nalijua, na mtu hulizoea. Hii ilikuwa nyeupe juu, nyeupe chini, nyeupe mbele ya pua. Mwinamo ulitoweka. Nilidhani nimesimama kumbe nateleza. Nikajizuia, kumbe nimeshasimama, nikaanguka nikiwa palepale. Ufundi wangu wote ulikuwa wa macho, na macho hayakuwa na kazi. Niliogopa. Niliogopa hasa kwa sababu mdogo wangu alikuwa nyuma yangu akingoja nimwambie la kufanya.

"Ciru," mama yako akaita, "mbona umenyamaza?"

Hapo ndipo kiburi kilipojibu badala yangu. "Twende kushoto. Naijua njia." Naye, kwa kuwa aliniamini, akageuza ski zake kushoto.

"Apana," sauti ya Mama Furaha ikasema, bila haraka. "Kwanza tuulize."

Nilimsikia akiinama. Alifinyanga donge la theluji akalitupa kushoto. Hatukuliona likitua. Akafinyanga jingine, akalitupa palepale, nalo likaenda kama la kwanza. Kisha akatupa kulia, na donge likatua, likajiviringisha kidogo, likakaa: doa dogo la kijivu, na mfuo wake nyuma, na kwa ule mfuo ukaona ardhi ilivyolala.

"Huku," akasema.

Tuliteremka hivyo. Yeye mbele, akitupa donge na kulifuata, ski zake zimekaa ubavu; mama yako katikati; mimi, bingwa wa Åre, nyuma kabisa. Na muda wote alikuwa akisema nasi. Baadaye nilitambua ni sauti aliyoitumia kazini, kwa wanawake wenye uchungu. "Niko hapa. Pumua. Fata sauti. Tena kidogo. Vizuri, mama, vizuri sana." Nilikuwa naitikia moyoni kama mtoto. Mwenda pole hajikwai. Niliusikia msemo huo maisha yangu yote, lakini siku hiyo ndipo nilipofundishwa namna unavyotembea. Nguzo ya lifti ilipojitokeza kwenye ule weupe, mama yako aliikumbatia.

Asubuhi iliyofuata mbingu ilikuwa safi. Tukiwa chini tulitazama juu, upande wa kushoto wa mgongo wa mlima, pale madonge yalipopotelea. Bonde langu zuri lilikuwa mbele zaidi. Kushoto tu ya pale tulipokuwa tumesimama palikuwa na mwamba uliokatika wima. Nilikaa kwenye theluji nikalia. Njeri alisimama kando yangu, akautazama ule mwamba, kisha akanivuta mkono tukaenda kunywa chai. Hajawahi kulitaja jambo lile tena, kwangu wala kwa yeyote.

Nilimtafuta Mama Furaha nimwombe radhi. Hakutaka radhi. Alinisogezea kiti, akasema, "Sasa unaweza kuniambia hii mulima."

Nikamwambia yote, mpaka lile la kuanguka nikiwa nimesimama. Nilipomaliza, naye akaniambia ulimshinda wapi. Miaka ya nyuma alipotea palepale, akiwa na jirani mzee wa kile kijiji, na alikaa chini akakataa kuinuka kwa sababu alishakimbia vya kutosha maishani, miguu imechoka. Yule jirani ndiye aliyemfundisha kutupa madonge. "Ningeona haya kumuambia yule muzee ile mulima imenishinda," alisema, "ile siri yake ingebaki na yeye. Na jana mungeenda wapi?"

Milima haikutani, binadamu hukutana. Nimekutana na wengi huku, wenye vyeo na wenye maneno, lakini mtu niliyetamani kufanana naye ni yule mkunga. Leo magoti yamemchosha na anatembelea mkongojo. Ukimtembelea Hagsätra na kumsifia mlima wowote, bado atakuuliza swali lilelile.

Basi nijibu lako sasa, nawe usinikatize. Kilima cha Hammarby watu wanakicheka, lakini theluji yake ikiyeyuka mchana na kuganda jioni inakuwa kioo, na hapo nilibwagwa mbele ya darasa zima la watoto wadogo. Sälen, ambayo nyinyi mahodari mnaiita ya akina bibi, ilinishinda kwa dharau: nilianguka kwenye mteremko wa bluu nikipunga mkono. Åre ni mlima mkubwa, mwanangu, uvulie kofia. Miteremko yake mirefu itakuunguza mapaja mpaka yakatae amri yako, na upepo wa kileleni hautanii; lakini mwanga ukipotea unaweza kushuka msituni, na miti ikakuonyesha juu ni wapi na chini ni wapi. Kule kaskazini hakuna mti wa kukuonyesha. Mwinamo wake unaumudu. Miguu yako ni mizuri, nimeiona, imezidi yangu ya ujanani. Mlima ule hauulizi miguu. Unauliza utafanya nini usipoona, na watu wako wako nyuma wanangoja.

Alama nyeusi inakuambia ukali wa mteremko tu. Haikuambii upepo, wala wingu, wala moyo wako utakavyokuwa siku hiyo. Ukitaka kulinganisha milima, usiwaulize watu walipoishinda. Hapo kila mtu ni bingwa. Waulize ilipowashinda. Na fanya hivyo hata nje ya theluji. Sisi wazazi wenu tumewasimulia jinsi tulivyofika nchi hii, tukasoma, tukapata kazi, tukanunua nyumba. Hayo ni ya kupigiwa makofi ukumbini. Tuliposhindwa tumepaficha, tukidhani tunawalinda, na kumbe hapo ndipo penye njia.

Nawe ukiwa mbele ya wenzako na hujui, sema hujui. Sema mapema, wakati wanaokuamini hawajageuza ski zao.

Kwa hiyo sikukatazi. Lakini kabla hujafunga mizigo, nenda kwa mama yako. Usiende kumwomba ruhusa. Kaa naye, umwulize ule mlima ulimshinda wapi. Atasema hana la kusema. Mngoje. Amelinyamazia kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwuliza, hata mimi dada yake, kwa sababu naliogopa jibu: mimi ndimi nilikuwa mbele yake. Akishalisema, mtajua nyote wawili kama utakwenda, na neno lake litakuwa neno langu.

Mungu akupe miguu imara, mwanangu, na siku asipokupa macho akupe ulimi wa kuuliza. Akutangulie kwenye theluji, akufunike na wenzako, akurudishe mezani kwa mama yako ukiwa mzima, na ukiwa na jambo moja la kutusimulia ambalo unaona haya kulisema.