Nilijaza pamba kwenye glovu za singa za farasi, Nkwabi akasingiziwa dawa

Wakuu, mwadila, nawasalimu kwa Kisukuma.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe hapa Bariadi, hayana chumvi. Pale ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika. Shule niliishia la saba, mpangilio ukiwa mbovu mnivumilie. Nimeandika nikafuta mara tatu.

Mimi ni fundi viatu, kibanda changu kiko karibu na soko. Nashona viatu, mabegi, mikanda, hata mipira ya shule. Ndondi sijawahi kupigana. Mjue hilo mapema.

Kuna kocha wa ndondi hapa, tumwite Masunga. Vijana wake wanafanyia mazoezi kwenye ghala la zamani la pamba. Glovu zao za sponji zikichanika ananiletea mimi.

Siku moja akaja na glovu za aina ambayo sijawahi kuiona. Ngozi tupu, nyekundu iliyogeuka kahawia, za kufunga kwa kamba. Akasema ni za marehemu baba yake, aliyekuwa anapakia marobota ya pamba stesheni ya Malampaka, na alipewa na fundi mmoja wa reli. Hiyo ni hadithi ya kwao, mimi sikuwepo.

"Fundi, zifufue hizi. Nataka Nkwabi azitumie."

Nkwabi ndiye bondia wake mzuri, alikuwa anajiandaa kwa pambano la Lamadi.

Nikafumua mshono. Ndani zikatoka nywele ndefu, nyeusi na za kijivu, zimelaliana na zimekatikakatika. Nikasema ni za ng'ombe.

"Singa za farasi hizo," akasema Masunga. "Zamani ngumi zote zilipigwa na hizo, kabla ya sponji."

Baadaye nilisoma kwenye simu, nikakuta ni kweli. Na mpaka leo kuna mafundi huko nje wanazitengeneza, mabondia wanazitafuta. Singa hazinywi jasho kama kitambaa, na ukizibonyeza zinarudi. Ila tutende haki: hizo hizo taarifa zinasema sponji inaukinga mkono vizuri zaidi. Sijaja kuponda sponji.

Shida ni kwamba nilisoma BAADAYE.

Siku ile nilizitupa zile singa. Sasa wakuu, mtu wa huku kwetu Simiyu mwambie ajaze kitu laini, akili yake itaenda wapi? Godoro tumelalia la pamba, mto wa pamba, ada imelipwa na pamba. Nikajaza pamba, tena safi, niliichagua mwenyewe. Nikashindilia, nikashona.

Masunga hakuniuliza nimejaza nini. Na mimi sikumwambia.

Siku za kwanza kila mtu alisifia. Nkwabi alisema ni kama amevaa mito. Nikavimba kichwa, nikaanza kujiona mrithi wa wale mafundi wa zamani.

Kumbe pamba inakunywa jasho. Wao wakimaliza mazoezi wanazianika juani, kesho jasho tena, jua tena. Baada ya wiki mbili hivi, kwenye sparring, zile ngumi za mazoezi, Nkwabi akampiga mwenzake Dotto ngumi ya kawaida tu. Nyusi ikapasuka. Dotto akapelekwa hospitali, akashonwa.

Alivyorudi alikuwa anafoka: "Ile si ngumi, lile ni jiwe! Nkwabi ana dawa kwenye glovu!"

Kwa bahati mbaya babu yake Nkwabi, huko Zagayu, ni mganga wa mitishamba. Basi maneno yakapata pa kukaa. Vijana wakakataa kufanya naye sparring. Wengine hata salamu yake wanaipokea kwa mbali. Masunga akamtoa kwenye safari ya Lamadi mpaka jambo liishe. Simlaumu Dotto, nyusi ilikuwa yake. Wala Masunga, asingemtoa, angebaki na ghala tupu.

Nkwabi akaja kibandani kwangu na zile glovu.

"Kaka fundi, wewe ndiye uliyezifungua na kuzifunga. Nenda kawaambie ndani hamna kitu."

Nikabonyeza na kidole gumba pale mbele, kwenye vifundo vya vidole. Ngumu. Palepale nikajua.

Nikamjibu, "Ziache, nitaangalia."

Nilikaa nazo siku mbili. Nilikuwa nawaza, ikijulikana fundi amempasua mtu kwa ujinga wake, nani ataniletea hata kiatu? Mara ya pili Nkwabi alipita, akaniangalia tu, hakuniuliza. Hiyo ndiyo iliniuma.

Siku ya tatu mchana nikafunga kibanda, nikaenda ghalani. Wote walikuwepo. Nikachukua kisu changu cha ngozi, nikazipasua mbele yao. Yakatoka mabonge, yamekauka kama michembe, vile viazi vitamu vya kuanikwa.

Dotto akaokota moja, akaligonga kwenye nguzo. Likalia ko.

"Hii nini?"

"Pamba," nikasema. "Niliijaza mimi. Nkwabi hakuwa anajua."

"Yaani nimepasuliwa na pamba ya kwetu?"

Watu wakaangua kicheko. Masunga hakucheka.

"Fundi, umelijua lini hili?"

"Juzi, alivyoniletea."

"Siku zote hizo ulikuwa wapi?"

"Niliogopa, kocha."

"Na yeye alikuwa anaogopa siku hizohizo. Tena bila kosa."

Masunga akamwomba Nkwabi msamaha mbele ya wote, akamrudisha kwenye safari. Dotto akampa mkono. Nkwabi akanigeukia mimi.

"Zirudishe zilivyokuwa. Ila ukimaliza, wa kwanza kupigwa nazo ni wewe."

Farasi nimewaona kwenye TV tu. Nikaenda machinjioni kuomba nywele za mkia wa ng'ombe. Kwa wasiojua, huku nywele hizo zinatengenezewa usinga, ule wa kupungia, wanaoshika wacheza ngoma na waganga. Mchinjaji akanipigia kelele: "Fundi, viatu vimekushinda, umehamia kwenye ramli?"

Nikaziosha kwa maji moto na sabuni mpaka harufu ikaisha. Nikazisokota kama kamba, nikazichemsha, nikazianika zikiwa bado zimesokotwa. Kuja kuzifumua zina mawimbi, ukizibana zinasukuma kidole. Safari hii nilishona vyumba vidogo vya kitambaa ndani ya glovu, ili zisihame kutoka kwenye vifundo. Sina uhakika kama wa zamani walifanya hivyo. Nilibuni.

Nikazipeleka. Nikavalishwa kofia ya kujikinga, nikasimamishwa katikati ya ghala.

"Fumba mdomo, kaka fundi, utajing'ata ulimi," akasema Nkwabi.

Nilifumba na macho. Ngumi ilikuja kwenye shavu, nikakaa chini kama mzigo. Sikio lilipiga kengele. Dotto akaniinamia, akanikagua nyusi na mdomo taratibu, kama anakagua mbuzi mnadani.

"Hajapasuka," akatangaza. "Zinafaa."

Lamadi Nkwabi alipoteza kwa pointi, na waandaaji walikuja na glovu zao za sponji, kwa hiyo zangu hazihusiki, si kwa sifa wala kwa lawama. Alisema mwenyewe kuwa jamaa alikuwa mzuri kuliko yeye.

Nimeshatengeneza jozi nyingine chache tangu hapo. Utaratibu haujabadilika: kabla jozi haijatoka, Nkwabi ananipiga nayo moja.

Nilichojifunza ni hiki. Pamba niliijaza kwa kutojua, hilo nimejisamehe. Kunyamaza nilinyamaza huku najua, na kulizidi kumharibia mtu jina. Hilo hakuna fundi wa kulishona, unabaki nalo.

Mliowahi kuvaa glovu za singa, au mnaojua za ng'ombe zinadumu kiasi gani ukilinganisha na za farasi, nifundisheni. Mnaotaka kunisema, semeni, nimekaa. Nkwabi nimemtumia uzi huu kabla yenu, na akaunti anayo. Kama kuna mahali nimejipendelea, atasahihisha hapo chini.