Siku Niliyokimbia Bila Salamu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipotoka Kaloleni mbio nimevaa kaptula ya mpira na vesti, na moyoni nina hasira na mtu mmoja tu: Mzee Athmani wa Majengo, mwenye duka, baba yake Mwanaidi.

Nianze na hasira hiyo, maana bila yake nisingetoka kitandani. Mimi sikuwa mtu wa mbio. Nilikuwa fundi wa makochi, kazi ya kuinama kutwa na misumari mdomoni. Mwaka mmoja kabla ya hapo nimonia ilinilaza hospitali hata Mama akaanza kusema nami kwa upole, na mama yangu hakuwa mtu wa kusema na mtu kwa upole mpaka aone anakwenda. Nikapona. Lakini Majengo ni mtaa wenye masikio. Wazee wetu walipopeleka posa, Mzee Athmani aliwapa kahawa na kashata, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema binti yake hataolewa na kifua kibovu. Alisema hana chuki na kijana, ila hataki kumkalisha mtoto wake eda kabla hina haijamtoka mikononi.

Nilipoletewa jibu hilo sikula. Kisha nikasikia kwamba kuna posa nyingine imetoka Mombasa, ya mtu mwenye afya na lori, na kwamba Mzee Athmani ataijibu wiki ile inayokuja. Hapo hata usingizi ulinikimbia. Nilimpenda Mwanaidi, mwanangu, na silisemi hili kwa kuona haya. Nilimpenda kiasi cha kununua chumvi kwenye duka la baba yake wakati nyumbani chumvi imejaa.

Dawa aliileta rafiki yangu Ochieng', winga wa timu yetu ya mtaa. Kwa hesabu yake, mtu akikutukana kifua humjibu kwa mdomo, unamwonyesha kifua. Ningekimbia nusu marathoni. Nitoke Kaloleni, nishike barabara ya Jogoo mpaka Outering, nipande Kariobangi, nirudi kwa barabara ya Juja, niteremke Majengo nipite mbele ya duka la Mzee Athmani nikiwa bado nakimbia, nimalizie nyumbani. Yeye angenifuata kwa baiskeli awe shahidi, na mzee akisikia nimezunguka Eastlands yote bila kukohoa, atanyamaza. Akanipa sharti moja.

"Usisimame, buda. Ukisimama hata kwa maji, hiyo si mbio tena, umetoka matembezi."

Mama sikumwambia, maana angenifungia mlango. Yeye mwenyewe alikuwa na presha, na ukoo mzima ulijua, kwa kuwa alikuwa akiitangaza kila penye watu watatu. Nikaona nisimtie wasiwasi. Mficha maradhi, kifo humfichua. Mimi nilificha uzima, na yaliyonipata utayasikia.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Makadara watu waliokuwa wakingoja basi walinitazama miguu. Buruburu nyumba zilikuwa mpya, bado zinanuka rangi, na walinzi wakanitazama zaidi. Siku hizi nyinyi mnakimbia na viatu vya rangi ya ndizi mbivu, simu mmeifunga mkononi iwahesabie pumzi, na hakuna anayewauliza kitu. Enzi zetu mtu mzima hakukimbia barabarani bure. Aliyekimbia alikuwa mwizi, au anamfukuza mwizi, au amebeba habari ya msiba. Nilizaliwa nikilijua hilo, na asubuhi ile lilinitoka kichwani kabisa.

Tulipofika Outering mnyororo wa baiskeli ukakatika. Ochieng' akanipungia mkono niendelee, akabaki nyuma anasukuma baiskeli na mikono imejaa grisi. Angekuwa nami, watu wangeona vijana wawili na mchezo wao. Lakini sasa nilikuwa peke yangu, jasho linanitiririka hadi machoni, uso nimeukunja kwa sababu kiatu cha kulia kilikuwa kinanila kisigino.

Kariobangi alikaa Shangazi Mwanamisi, dada wa marehemu baba yangu. Tangu nijue kutembea sikuwahi kuupita mlango wake bila kuingia, kutoa shikamoo na kunywa chai, hata kama nimetumwa na nimechelewa. Nikamkuta nje anafagia. Akauliza kuna nini. Mwanangu, pumzi yenyewe nilikuwa naitafuta, maneno ningeyapata wapi? Nikanyoosha mkono kuelekea nyumbani, nikimaanisha kwamba naenda kumaliza kule, nikampita. Nyuma yangu nikasikia ufagio ukianguka. Nikadhani ananishangilia.

Kwenye barabara ya Juja kikatokea kitu ambacho sikukitarajia. Kifua kikafunguka. Hewa ikawa inaingia na kutoka bila kelele, na nikagundua kwamba muda wote ule mimi mwenyewe nilikuwa nimemwamini Mzee Athmani. Nilikuwa nikijihesabu mgonjwa. Nikacheka peke yangu, nikaongeza mwendo, na nadhani waliokuwa njiani walisema yule kijana amerukwa na akili.

Majengo nilimkuta Mzee Athmani dukani, kofia kichwani, anapima sukari. Kusema bado siwezi. Nikamwangalia usoni, nikajipiga kifua kwa ngumi, tena na tena, aone kilivyo kizima, nikapita. Nilijiona simba. Baadaye nikaja kuambiwa alichokiona yeye: kijana ana macho mekundu, uso umekunjamana, anajipiga kifua mbele ya duka na hana sauti. Aliweka chini kijiko cha sukari akasema masikini, mama yake.

Gikomba msuli wa mguu ukanikamata. Sikusimama, nikaruka kwa mguu mmoja, wauza mitumba wakinipisha. Hapo ikaja pikapu, vijana wa msikitini wamekaa nyuma na jeneza tupu, wanakwenda mbio. Sisi hatumlazi maiti. Akifa asubuhi, alasiri amezikwa. Nikasema innalilahi kimoyomoyo, nikamwombea marehemu. Pikapu ikapunguza mwendo, mmoja wao akaniita kwa sauti ya huruma.

"Panda twende, ndugu yetu."

Nikatikisa kichwa. Nilikuwa na sharti la Ochieng', na mbio hazina lifti. Wakatazamana, wakaniacha na mguu wangu mmoja. Kila nikikumbuka hapo najiuliza Mungu huwaumbaje watu wengine kama mimi.

Nilipokaribia nyumba zetu nikasikia vilio. Nikajisemea kuna jirani amefiwa, kumbe ndiko liendako lile jeneza. Nikakata kona. Jeneza limeegemezwa ukutani kwetu. Ua umejaa, wanawake wamejifunika leso, masufuria yamekwisha fika, mtu anapasua kuni. Shangazi Mwanamisi, aliyepanda gari akanitangulia, ameketi chini analia akimtaja mama yangu kwa jina. Mzee Athmani, naye amenitangulia kwa gari, amesimama mlangoni na jora la bafta kwapani, amelitoa dukani kwake liwe sanda.

Mwanangu, hapo Mwanaidi alinitoka kichwani, na kifua, na posa. Nilimwacha mama yangu amelala gizani bila kumwambia nakwenda wapi, na sasa nikaona sitamwambia tena kitu. Mguu ulionikamata ukaniachia. Nilikimbia kipande kile kifupi kwa mbio ambazo sijapata kukimbia tena, nikipiga kelele, "Mama! Mama!"

Mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi nyuma ya wenzake, kikapu cha sokoni ubavuni, akilia kuliko wote, akafunua leso.

"Juma?"

Alikuwa Mama.

Ilikuwa hivi. Walioniona nikipita mbio bila salamu walidhani presha imemwua Mama, na habari ikafika msikitini. Mama mwenyewe aliamka akakuta kitanda changu kitupu, akadhani nimewahi kazini, akafunga mlango akaenda sokoni. Waombolezaji wakakuta nyumba imefungwa, majirani hawajui lolote, wakaona bila shaka maiti yuko hospitali. Mama akarudi na mchicha wake, akaona jeneza mlangoni na watu wanalia, akakumbuka kile kitanda kitupu. Hakuuliza. Aliketi palepale, akajifunika, akaanza kunililia mimi. Na jirani mmoja, kwa kutomtazama usoni, akawa anampapasa mgongo na kumwambia ajikaze, marehemu alikuwa mama mwema.

Tulishikana tukalia, sisi wafu wawili. Shangazi Mwanamisi alipomwona wifi yake amesimama alipiga yowe la pili, kubwa kuliko la kwanza. Kisha kijana wa msikitini akauliza kwa adabu sana kwamba sasa, jamani, nani amekufa.

Ikabidi nieleze. Nilieleza nusu marathoni, nikaeleza kifua, nikaeleza mkono nilionyoosha. Nilipofika kwenye lifti niliyoikataa, vijana wa jeneza walicheka mpaka wakaketi. Mama alisikiliza yote kwa utulivu, akainama kwenye kikapu, akatoa fungu la mchicha, akanichapa nalo mpaka majani yakaisha. Nikashukuru kwamba hakununua muhogo.

Mzee Athmani hakucheka. Alinisogelea, jora bado kwapani.

"Kifua nimekiona, Juma. Ni kizima. Lakini adabu umeidondosha njiani. Rudi ukaiokote."

Ndivyo ilivyokuwa kwetu: uliyemkosea unamfuata mlangoni pake, hupeleki salamu za kutuma. Kesho yake, Jumapili, nilitembea njia ileile, miguu imekuwa magogo. Niliingia kila nyumba niliyoipita, nikaketi, nikaomba radhi, nikala nilichopewa. Kukataa chakula cha mtu aliyeacha kazi yake kuja kukuzikia mama ni kosa jipya juu ya kosa. Sijui nilikunywa chai ngapi. Shangazi Mwanamisi aliipokea shikamoo yangu, akaitikia marahaba, akanitoa nje, akaniamuru niingie tena kwa sababu ya kwanza haikumtosha. Mbio zile za Jumamosi nilizimaliza nikiwa na nguvu. Hizi za kukaa na kusimama ndizo zilizonichosha.

Jua lilikuwa linakaribia kutua nilipofika Majengo. Mzee Athmani alinivutia kiti, akanimiminia kahawa, akaniacha ninywe. Kisha akaniambia kwamba watu wa Mombasa ameshawajibu. Nikasema alhamdulilahi, kwa mdomo tu.

"Nimewaambia binti ana mtu," akasema.

Sikuelewa. Nikamuuliza kama ni kwa ajili ya kifua.

"Kifua cha mtu kinaweza kuharibika kesho. Jana nilifunga duka nikidhani nakuja kwenye maziko yenye waombolezaji wanne tu. Nikakuta ua hauna pa kukanyaga, na wote hao wamekuja kwa sababu umewapita mbio. Hawakuambiwa na mtu. Binti yangu nampeleka kwa watu wale. Wewe unaingia kwa mkia wao."

Nililia, mwanangu. Mtu mzima, fundi wa makochi, nililia kwenye kahawa ya watu, na nyuma ya pazia nikamsikia Mwanaidi anacheka. Tumeoana naye, tumezeeka naye, na hajaacha kucheka. Lile jora la bafta Mama alikataa katakata kulirudisha, akasema kilicholetwa kwa jina lake ni chake. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila nikichelewa kurudi nyumbani alikuwa akiuliza kama leo ni zamu yake au yangu.

Basi, mwanangu, kimbia. Sikukatazi. Mwili ni amana, na asiyeupima hujidhania mgonjwa bure kama nilivyojidhania mimi. Lakini kabla hujafunga kamba za viatu, mwambie mmoja wa nyumbani unakwenda wapi, hata kama atakufokea. Kufokewa si kitu. Ukimwona mkubwa wako njiani, punguza mwendo, mpe salamu yake. Haikupotezei mbio. Na usijisifu kwa pumzi zako peke yako. Wazee walisema mtu ni watu, nami nilidhani ni msemo wa kufungia barua mpaka nilipowaona wamejaa uani kwetu na masufuria yao, wamekuja kunisaidia msiba ambao haukuwapo. Hao ndio wa kuwatunza. Waendee wakiwa hawana shida, kaa, unywe chai yao hata kama sukari ni nyingi.

Mwenyezi Mungu akupe kifua kipana na miguu isiyokusaliti Gikomba. Akujaalie umri mrefu kuliko barabara zote utakazozikimbia. Na kila utakapopita mbio, akuwekee mlangoni mtu wa kudondosha ufagio na kuuliza mwanangu yule ana nini.