Wimbo Anaoulilia Mume Wangu Unanisema Mimi

Admin shikamoo, na wengine wote habari zenu. Jina langu lifiche kabisa, na kama kuna mtu wa Mbinga atanitambua, basi anyamaze hivyo hivyo. Nina miaka thelathini na tatu, ni fundi cherehani hapa mjini, nina mume na watoto wawili. Kwetu ni kule chini ziwani, wilaya ya Nyasa. Mume wangu ni mtumishi wa serikali, mtu wa Tanga, kaletwa huku na kazi. Hanipigi, halewi, michepuko sijamsikia nayo. Kinachonitesa ndani ya nyumba yangu ni wimbo.

Kuna mwimbaji wa kwetu, anatunga mwenyewe na gitaa anapiga mwenyewe, sasa hivi huku kwetu nani asiyemjua. Kabla hajawa mtu wa watu alikuwa mchumba wangu. Alituma mshenga, wazazi wakakubali, siku ya wazee wake kuja ikapangwa. Mama akapika ugali wa muhogo na samaki, mbasa wakubwa wakubwa, majirani wakaitwa. Tukangoja mpaka ugali ukakauka. Kumbe mwenzangu kaenda Songea kupiga gitaa kwenye harusi ya watu, na wazee wake wakaona aibu kuja bila yeye. Tukapanga tena, akafanya vile vile. Baba akasema basi, mwanangu si mzigo wa kusahauliwa stendi. Nikapanda basi nikaja Mbinga kujifunza kushona, na mume wangu nilikutana naye huku baadaye sana. Kweli yenyewe ndiyo hiyo, haina nyongeza.

Sasa bwana yule akatunga wimbo. Ndani ya wimbo mimi ndiye niliyemkimbia! Eti nilipanda gari la mkubwa, nikamwacha ufukweni na gitaa lake, hata mkono sikumpungia. Jina hakunitaja, ila kamtaja mzee mchonga mitumbwi, yaani baba yangu, na mlango wake wa bluu, na kule nyumbani hata kuku wanajua ni kwa nani. Mume wangu alipokuja kuposa, baba alishaacha kuchonga na mlango ulishapakwa kijani, ndiyo maana hajaunganisha. Na kinachoniudhi kuliko vyote, wimbo ni mtamu. Ningekuwa sihusiki ningeuimba mwenyewe.

Mume wangu ndiye kiongozi wa grupu la mashabiki wake la WhatsApp. Kila onesho likipita watu wanasimuliana walivyoliona, na yeye anafungulia sauti zao kwa nguvu, mimi niko kwenye cherehani nasikia yote. Mama mmoja wa Kitura alituma sauti huku analia. Anasema waliacha kahawa kwenye vichanja wakaenda, mvua ikawanyeshea na hakuna aliyeondoka, "maana alipofika pale kwenye gari la mkubwa, jamani, nilimwonea huruma kama mwanangu wa kumzaa." Mwalimu mmoja wa Litumbandyosi akaandika kwamba kwao alisimamisha gitaa, akasimulia kuwa yule mwanamke aliondoka na pete yake kidoleni. Pete gani? Watu wa Tingi nao wakaambiwa alimsomesha. Anisomeshe na nini, wakati hata nauli alikuwa ananiomba mimi! Kila akipanda jukwaani uongo unaota mkia mwingine. Na chini wanaandika, huyo mwanamke malipo ni hapa hapa duniani. Mume wangu anaweka vikatuni vya kulia.

Juzi kaniambia, "Mke wangu, watu wana roho mbaya. Unamwachaje mtu kama huyu?" Nikamjibu pengine kuna upande wa pili. Akanitazama kwa upole, akasema, "Wewe una moyo mzuri sana, ndiyo maana huwaelewi watu wa aina ile." Nusura nijishone kidole.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia mapema. Mwanzoni nilidhani ni wimbo tu, utapita kama nyingine. Haukupita, na yeye kila siku anazidi kuzama. Leo nikisema, ataona nilikuwa nakaa namcheka anavyolia.

Nikateremka kwa mama mdogo. Yeye ndiye kiongozi wa kikundi cha kioda, ile ngoma ya wanawake wa ziwani. Nikamwamkia, nikamlilia. Hata pole hakunipa. "Mwanangu, kwetu mtu akikuimba huendi mlangoni kwake kugombana. Unamjibu ngomani. Wewe umekaa kimya, watu wanajua umekubali." Akaniambia wao wamealikwa Mbamba Bay siku ya onesho la yule mwimbaji, wanatangulia kucheza kabla yake, na jibu wameshalitunga: ugali ulipikwa, wageni hawakuja, ukapikwa tena, hawakuja tena. "Lakini wa kuanzisha ni wewe. Sisi tutaitikia. Hatuwezi kukujibia na wewe umejificha."

Nikapanda kurudi Mbinga nimeshaamua nitaimba, liwalo na liwe. Nafika nyumbani, mume wangu anatabasamu peke yake. Siri hawezi kuitunza hata kidogo. Akasema kawatafuta watu wa mwimbaji, amepanga kunishtukiza. Kwenye onesho hilo hilo la Mbamba Bay tutaitwa jukwaani mbele ya umati wote, na mimi nitaimbiwa wimbo ule, zawadi ya ndoa yetu. "Nimewapa na jina lako kamili. Mwimbaji mwenyewe amenijibu, kasema kwa huyo ataimba kwa moyo wote."

Yaani yule bwana amejua ni mimi, na amekubali!

Onesho ni Jumamosi. Nikimwambia mume wangu leo, namvunja moyo na namwaibisha kwa watu wake. Nikinyamaza, nitasimama pale nasutwa huku yeye kanishika mkono kwa mapenzi. Nikiingia na akina mama mdogo, ukweli ataupata pamoja na umati mzima. Leo mchana tunakula, akaniuliza, "Hivi yule mwanamke, unadhani naye atakuja?"

Nikamwambia, "Atakuja."

Akasema, "Natamani nimwone sura yake."

Ndugu zangu, nishaurini. Huyu mwanaume nimwambie nini, na nianzie wapi?