Swali Tuliloingia Nalo Ofisini

Mwenzetu alikamatwa akiwa na faili la watu wengine mkononi. Alikuwa mwanafunzi wa sheria mwaka wa mwisho kama mimi, akijifunza kazi katika ofisi moja ya mawakili pale Nakasero, katikati ya Kampala. Siku hiyo walimtuma mahakamani kupeleka karatasi za mfungwa wa kisiasa, na gari lisilo na namba likamchukua mbele ya watu. Ofisi ikasema haimjui.

Muhula haujaisha, ofisi ile ile ikatuita kwenye usaili wa kazi. Wengine walitaka tugome. Nikasema hapana, twende, tena nguo tuzipige pasi. Kila usaili huisha kwa wao kukuuliza kama una swali. Basi kila mmoja wetu aulize lile lile: kwa nini mlimwacha mtu wenu, na lini mtakwenda kumtetea? Alikuwa anasubiri mahakama ya jeshi, na hakuwa na wakili.

Tulikaa koridoni katika suti za kuazima. Wa kwanza alijibiwa kwamba hilo ni suala la ndani. Wa pili alionyeshwa mlango. Baada yao wenye ofisi wakaacha kabisa kuuliza kama mtu ana swali. Zamu yangu ilipofika, mwenye ofisi, mzee aliyening'iniza miwani shingoni, aliniuliza kidogo kuhusu mikataba, kisha akafunga karatasi zangu.

"Asante, nyabo. Tutakupigia." Nyabo kwa Kiganda ni bibi, huitwa hivyo mwanamke yeyote.

Sikuinuka. Mimi nikikasirika Kiingereza hunikimbia. Kwetu asili yetu ni pwani, duka letu liko sokoni Kikuubo, hapa hapa mjini, tangu enzi za babu, na Kiswahili ndicho tunachopikia, tunachogombezea watoto na kuombea dua. Basi kikanitoka hicho, kwa sauti ambayo mama angenikemea:

"Yule kijana mliyemtuma yuko wapi? Na nyinyi mmefanya nini tangu achukuliwe?"

Mzee akasimama. Nilidhani ananifukuza. Hapa Kampala Kiswahili ni lugha ya askari, anayekuhoji kwacho mara nyingi ana bunduki, na mimi sikulikumbuka hilo mpaka nilipoona mikono yake imenyooka ubavuni.

"Madam, sisi tuliacha hiyo kesi. Kabisa. Waambie wakubwa, hakuna mtu ya hapa ataenda kule."

"Mzee, mimi ni mwanafunzi. Nataka muende. Ndilo lililonileta."

Akatabasamu kama mtu aliyeuona mtego. "Hata yule mwingine mlituma hapa kutupeleleza alisema ni mwanafunzi. Hatuendi, madam."

Nilimwapia. Nilirudi kwenye Kiingereza, nikamtajia wahadhiri wangu mmoja mmoja, nusura nilie. Kila nilipoeleza, aliinamisha kichwa na kukubali. Niliogopa sana, na nilichokiogopa ni sauti yangu mwenyewe.

Jioni walinipigia: kazi ni yangu, nianze nitakapo. Nilikataa papo hapo. Lakini nilikuwa nimeketi na wenzangu kwenye kibanda cha chapati Wandegeya, nao wakasikia. Sote tuliingia na swali moja, nimeitwa mimi tu. Niliwasimulia yote, mzee alivyosimama, ile madam, wale wakubwa. Hakuna aliyecheka. Msichana niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja alichukua simu yake mezani, akaizima, akaitia mkobani.

Waliendelea kumtafutia mwenzetu wakili. Najua, kwa sababu walikuwa wakinyamaza nikiingia. Mpaka leo, nikiwa peke yangu jikoni, humsikia yule mzee akisema madam, na huwa nageuka kuangalia anamwambia nani.

Kesi ilipoitwa, hakuna aliyeniambia ni siku gani. Nasikia mwenzetu aliingia amekonda, akawatazama wenzetu wote waliokaa benchini, akauliza mimi niko wapi. Sijui walimjibu nini.